Kiti ambacho hakuna wa kukuhamisha: kisa cha Jess Thom na ukumbi wa maigizo

Mwaka 2011 huko Uingereza dada mmoja anaitwa Jess Thom alienda kumwona Mark Thomas, yule mchekeshaji wa mambo ya siasa. Jess ana Tourette. Kwa asiyeijua, hii ni hali ya mfumo wa neva inayoanza utotoni, mtu anakuwa na tiki, yaani miondoko na sauti zinazomtoka zenyewe bila kutaka, na jina limetokana na daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette aliyeielezea mwaka 1885. Wengi wakisikia Tourette akili inakimbilia matusi, kumbe wanaotokwa na matusi ni wachache, kama asilimia 10 hadi 15 hivi. Jess yumo kwenye hao wachache. Ila neno linalomtoka kuliko yote ni "biskuti", mwenyewe anakadiria mara 16,000 kwa siku, na "kalunguyeye" nalo haliko mbali. Anajipiga ngumi kifuani mara kwa mara mpaka inabidi avae glavu zenye sponji, na kwa kuwa miguu nayo haimtii anatumia kiti cha magurudumu.

Sasa Jess hakwenda kuwashtukiza watu. Kabla ya shoo aliongea na Mark Thomas akamweleza kwamba atasikika, jamaa akapokea vizuri tu, na shoo ilipoanza akawaambia watazamaji kwamba leo yupo mwenzetu mwenye Tourette, mtasikia sauti, ndo hivyo, tuendelee. Yaani ule ushauri wote ambao watu wenye ulemavu huwa wanapewa, toa taarifa mapema, waelimishe watu, ongea na wahusika, ulifuatwa mpaka mwisho. Kipindi cha kwanza kikaisha. Wakati wa mapumziko akafuatwa na mhudumu, kuna watazamaji wamelalamika, anaombwa kipindi cha pili akakae kwenye kibanda cha mafundi wa sauti, yaani humo anaona jukwaa lakini yeye hasikiki. Akaenda. Alilia humo ndani, na usiku ule akajiapiza kwamba hatakanyaga tena ukumbi wa maigizo.

Nimeichukua stori hii kuichambua kwa sababu moja: ukiitafuta humo ndani roho mbaya huioni sana. Msanii alikuwa upande wake. Wahudumu hawakumtoa nje, walimtafutia sehemu, na huenda kabisa walijiona wamefanya ubinadamu. Hata waliolalamika, sidhani kama waliamka asubuhi wakipanga kumuumiza mtu. Na bado mtu mwenye tiketi halali akaishia nyuma ya kioo akilia. Kwa hiyo kama tunataka kuelewa kilichotokea inabidi tuache kutafuta mbaya wetu tuangalie mambo yalivyopangwa.

Cha kwanza ni malalamiko yanavyosafiri. Fikiria ukumbi wa watu mia kadhaa. Wawili watatu wamekereka, wanatoka mapumziko wanaenda moja kwa moja kwa mhudumu. Wale wengine wote ambao hawakujali, au walijali dakika kumi za mwanzo alafu wakazoea, au walifurahi kabisa, hakuna hata mmoja anayepanga foleni kwenda kusema "samahani, nataka kuripoti kwamba mimi sijasumbuka". Kwa hiyo mhudumu anasikia upande mmoja tu, na kwake upande huo ndo unakuwa "watazamaji". Alafu angalia ana nini mkononi. Hana maelekezo ya kumwambia mlalamikaji "pole, lakini yule dada ana haki ya kukaa pale, wewe ukitaka naweza kukutafutia kiti kingine". Ana uwezo wa kufanya kitu kimoja, kumhamisha mtu, na anayehamishika kirahisi ni yule mmoja. Tangazo la Mark Thomas lilikuwa la thamani sana lakini liliishia kwenye steji, halikufika mlangoni wala kwa wahudumu, na maamuzi yalikuwa yanafanyikia huko huko.

Cha pili ni kibanda chenyewe, mi hiki kinaniuma zaidi. Kinasema kwamba kuwa mtazamaji ni kuona na kusikia tu, basi ukiweza kuona na kusikia umepata ulicholipia. Lakini kila aliyewahi kusimama mbele ya watu, awe anaghani shairi, anachekesha au anaigiza, anajua watazamaji wanatoa pia, wanacheka, wanaguna, wanashusha pumzi, na msanii anakula kutokana na hiyo. Jess alipowekwa nyuma ya kioo zilizimwa tiki zake, na kicheko chake kikazimwa pamoja nazo. Usiku ule aliondolewa kwenye hadhira akageuzwa mtu anayeangalia hadhira.

Na kuna swali ambalo watu huwa wanauliza wakisikia kisa hiki, kwani hawezi kujizuia hata saa moja? Wapo wenye Tourette wanaoweza kuzuia tiki kwa muda, lakini ni sawa na kuzuia chafya, akili yote inaishia hapo, huwezi kufuatilia stori ya mtu huku umeibana pua, na baadaye inatoka tu. Kwa Jess kujizuia hivyo hakupo kabisa. Kwa hiyo kumwambia mtu ajizuie ndo akaribishwe ni kumwambia asije.

Kisheria Uingereza walikuwa tayari na Sheria ya Usawa ya 2010 ambayo inamtaka mtoa huduma kufanya marekebisho yanayofaa ili mtu mwenye ulemavu asibaki nyuma. Sitaki kuhukumu kesi ambayo haikwenda mahakamani. Ninachosema ni kwamba sheria ilikuwepo na mtu akalia kibandani vilevile, sheria haikai mapokezi na kuongea na mlalamikaji, lazima kuwe na binadamu aliyefundishwa aiongee yeye.

Sasa tuje kwenye ukimya wenyewe, kwa sababu hoja ya waliolalamika ilisimama juu yake. Watu wanaongea kama vile kunyamaza ukumbini kumeumbwa pamoja na maigizo. Si kweli hata kidogo. Ukumbi wa maigizo wa Globe pale London ulivyojengwa 1599, waliolipa peni moja walisimama pale chini mbele ya jukwaa, wanakula, wanapiga kelele, mwanga wa jua unawamulika wao na waigizaji sawasawa. Giza ukumbini lilikuja baadaye sana, Wagner, yule mtunzi wa opera wa Ujerumani, alilifanya jambo kubwa kwenye ukumbi wake wa Bayreuth mwaka 1876, na mwaka 1881 ukumbi wa Savoy wa London ukawa umewekwa taa za umeme ambazo zinawashwa na kuzimwa kirahisi. Mtazamaji akaanza kukalishwa gizani, na taratibu akafundishwa kunyamaza, kutulia, kukohoa kwa adabu. Kuna maigizo yanahitaji hilo na nayapenda, sibezi. Ila ni desturi ya juzijuzi iliyotengenezwa na watu, na ilipotengenezwa hakuna aliyemuuliza mtu ambaye mwili wake hautulii, au mtoto mwenye usonji (autism) anayepiga yowe akifurahi, au mtu mwenye kifafa, au mzee anayehitaji kutoka kwenda chooni mara tatu. Wote hao wakawa wakosaji wa sheria ambayo hawawezi kuitii.

Jess hakuishia kwenye kiapo chake. Mwaka mmoja kabla ya tukio, 2010, yeye na rafiki yake Matthew Pountney walikuwa wameshaanzisha mradi wao wa sanaa, Touretteshero, walikuwa wanakusanya tiki zake na kuwaalika watu wazichukue wazichoree picha, yaani badala ya kuzichukulia kama takataka zinazodondoka wakazichukulia kama malighafi. Kwa hiyo akili ilikuwa tayari iko huko. Baada ya kukaa na uchungu wa kile kibanda akafika kwenye hesabu moja rahisi: kwenye ukumbi mzima kuna sehemu moja tu ambayo hakuna mhudumu anaweza kuja kukuomba uhame, nayo ni jukwaani. Basi akapanda huko.

Agosti 2014, kwenye tamasha la Fringe pale Edinburgh, ikatoka shoo yao Backstage in Biscuit Land. Na hapa ndo ufundi ulipo, naomba nikae kidogo. Jess mwenyewe anasema ubongo wake hauna uwezo wa kufuata maandishi mpaka mwisho. Kwa mwigizaji wa kawaida hilo lingekuwa mwisho wa stori. Wao wakalifanya ndo muundo. Stori ipo, imeandikwa, ina mwanzo na mwisho, kuna sehemu za maisha yake zinasimuliwa, na kile kibanda kimo. Lakini pembeni yake yupo mwenzake, Jess Mabel Jones, anayeitwa Chopin humo ndani, na kazi yake ni kumrudisha kwenye mstari kila tiki inapomvuta. Tiki inakuja, inasema kitu ambacho hakuna binadamu angekaa chini akakibuni, watu wanavunjika mbavu, Chopin anapokea, anacheza nacho kidogo, alafu wanarudi. Kwa hiyo hakuna usiku unaofanana na mwingine.

Angalia kicheko kinavyogeuka hapo. Mwanzoni watazamaji wanaogopa, wanajiuliza nicheke au nisicheke, nikicheka nitakuwa namdhihaki mlemavu? Jess anawapa ruhusa mapema kabisa, anawaambia tiki zangu zinachekesha, chekeni. Lakini anatofautisha kucheka kile kilichosemwa na kumcheka aliyekisema, na hiyo tofauti haihubiri, unaijua kwa kuipitia kwa saa nzima. Ndani ya dakika ishirini "biskuti" inaacha kuwa kelele. Inakuwa kibwagizo. Na sisi tuliokulia kwenye mashairi tunajua kibwagizo kinafanya nini, ubeti unaenda mbali, unakuja na habari mpya, alafu kibwagizo kinarudi kilekile na kila kikirudi kinabeba uzito wa ubeti uliopita. Neno halijabadilika, mzigo ndo umebadilika. Anasimulia jambo la uchungu, katikati inachomoza "biskuti", na badala ya kuvunja uchungu inaupigilia msumari, kwa sababu unakumbuka kwamba hata wakati huu, hata kwenye hili, mwili wake haumpi nafasi ya kunyamaza.

Hapo ndo naona daraja la kwenda kwenye usonji, ambao kwa kweli ndo ulinifikisha kwenye kisa hiki. Watoto wengi wenye usonji wanarudiarudia maneno waliyosikia, kipande cha tangazo, swali waliloulizwa juzi, sentensi ya katuni. Wataalamu wanaita ekolalia na kwa miaka mingi ilichukuliwa kama sauti tupu isiyo na maana, kitu cha kumwachisha mtoto. Mwaka 1981 Barry Prizant na Judith Duchan walichapisha utafiti uliofuatilia marudio hayo moja moja na kuonyesha kwamba yana kazi, mtoto anaweza kuwa anakubali, anaomba, anashika zamu yake ya kuongea, anajipanga kichwani. Ushairi wa jukwaani umelijua hilo siku zote, takriri, yaani kurudia neno kwa makusudi, si uvivu wa maneno. Sasa nikisikia watu wenye usonji wanapanda jukwaani na kughani kwa marudio yao, kwa kuruka kwao kutoka wazo hadi wazo, kwa sauti isiyopanda na kushuka kama walivyozoea wengine, sisikii mtu "aliyejitahidi licha ya hali yake". Nasikia mtu anayetumia mkondo wake wa lugha. Tiki na ekolalia ni vitu viwili tofauti, nisieleweke vibaya, tiki hailengi kusema kitu na ekolalia mara nyingi inalenga. Lakini vyote viwili viliwekwa kapu moja la "kelele", na vyote viwili jukwaani vinapata msikilizaji ambaye kwingine havipati.

Kuna watu waliona Backstage wakasema sawa, ni nzuri, lakini hiyo ni stori yake mwenyewe, mtu mwenye ulemavu anasimulia ulemavu wake, je kazi za watu wengine anaweza? Swali lina dharau ndani yake ila jibu lake lilikuwa kali. Alichagua Not I, igizo la mwandishi Samuel Beckett. Hii ni kazi ya 1972, jukwaani huoni mtu, unaona mdomo tu umemulikwa gizani, unamwaga maneno kwa kasi ya ajabu, vipande vipande, ya mwanamke aliyekaa kimya karibu maisha yake yote alafu ghafla maneno yakaanza kumtoka na hawezi kuyazuia. Soma tena hiyo sentensi ukiwa unamfikiria Jess. Miaka yote waigizaji wamekuwa wakifanya mazoezi ya kuumiza ili wafike kwenye hali ambayo yeye anaamka nayo. Hoja yake ilikuwa kwamba huyo Mdomo ni mhusika mwenye ulemavu, ila hakuna aliyekuwa anamsoma hivyo.

Tatizo likaja kwenye ufundi. Kawaida kichwa cha mwigizaji kinafungwa kisicheze kabisa, kwa sababu taa imelengwa mdomoni na ukisogea sentimita chache mdomo unapotea gizani. Kichwa cha Jess hakifungiki. Basi wakahamisha taa badala ya kumfunga mtu, wakaiweka kwenye kofia ya vazi lake ili popote kichwa kiendapo mwanga uko nacho. Wakampandisha juu na kiti chake cha magurudumu, watazamaji wakakaa chini kwenye mito. Ile nafasi ya Msikilizaji, mhusika wa pili wa Beckett ambaye haongei, anainua mikono tu, ikachukuliwa na Charmaine Wombwell aliyefasiri kila neno kwa lugha ya alama, na "biskuti" zikimtoka Jess nazo zikafasiriwa. Waliipeleka Edinburgh 2017 na Battersea Arts Centre, London, 2018. Ukiniuliza mi wapi katika stori hii yote sanaa ilipata faida ya wazi kabisa, nitakuonyesha ile taa. Kuna mtu aliuliza "ni lazima kichwa ndo kitulie?" na jibu likawa hapana.

Turudi kwa watazamaji. Shoo zote za Touretteshero zinafanywa kwa mtindo wa kujiachia. Maana yake si vurugu. Taa za watazamaji hazizimwi kabisa, mtu anaruhusiwa kutoa sauti, kusimama, kutembea, kutoka na kurudi kwenye kiti chake, kuna chumba cha utulivu pembeni kwa aliyezidiwa, maelezo ya kitakachotokea yanatolewa mapema ikiwemo sehemu zenye mlio wa ghafla au mwanga mkali, wahudumu wameambiwa, na mwanzoni mtu anasimama kusema haya yote kwa sauti ili asiyejua ajue. Mtindo huu kwa sehemu kubwa umekua kwa sababu ya familia zenye watoto wenye usonji. Huko New York, Oktoba 2011, yaani mwaka uleule wa kile kibanda, lilifanyika onyesho la kwanza la Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za mji huo, lililopangwa kwa ajili yao, ilikuwa The Lion King, sauti ikapunguzwa, taa za kuwaka na kuzima haraka haraka zikatolewa, kukawa na sehemu za kupumzika.

Ni kitu kizuri na wazazi waliohudhuria wanajua thamani yake. Lakini Jess anakataa isiwe siku moja tu, na baada ya kulifikiria sana niko naye. Mara nyingi inakuwa onyesho moja katika msimu mzima, mchana, siku ya kazi, la igizo la watoto. Mtu mzima mwenye usonji anayetaka kuona igizo zito la usiku na marafiki zake anabaki wapi? Asiyejua bado kwamba ana usonji, na wapo wengi hasa wanawake wanaokuja kujua ukubwani, atajuaje kwamba siku ile ndo yake? Na zile siku nyingine zote zinakuwa zimetangazwa nini? Siku ya kukaribishwa ukishaitenga, wengine wanapata nguvu ya kusema "kwani yenu si ilikuwa Jumatano?"

Na maisha hayafuati ratiba. Septemba 2015 pale Lincoln Center, New York, kwenye igizo la muziki The King and I, onyesho la kawaida la mchana, mtoto mwenye usonji alipiga yowe wakati wa ile sehemu ya kuchapwa viboko. Watu wakaanza kunong'ona, wakamgeukia mama, wapo waliosema kwa nini analeta mtoto kama huyu ukumbini, mama akawa anajitahidi kumtoa na mtoto hataki. Mmoja wa waigizaji, Kelvin Moon Loh, aliandika siku ileile Facebook na andiko lake likasambaa sana. Alikiri kwamba kweli ilivuruga, hakujifanya hakusikia. Alafu akageuza, akamtetea yule mama, akasema hakumpuuzia mtu, alikuwa anahangaika sana, na yeye anachokiona pale ni ushujaa, na akauliza watu wa maigizo tumefika lini mahali pa kujali zaidi starehe yetu kuliko ya mwenzetu. Kumbuka tu lile yowe lilitoka wapi. Kwenye kuona mtu anataka kuchapwa! Mimi naona katika watazamaji wote mle ndani yule mtoto alikuwa amefuatilia igizo vizuri tu.

Weka visa hivi viwili pamoja. Mark Thomas aliongea kabla, Loh aliongea baada, wote walikuwa jukwaani, wote walikuwa na moyo. Na katika visa vyote viwili aliyeondoka kitini ni yule yule aliyekuwa na uhitaji. Wema wa msanii mmoja haufiki mbali kama nyumba yenyewe haijabadilishwa.

Ndo maana kilichokuja Februari 2020 nakiona ni hatua ya aina nyingine. Battersea Arts Centre, wakishirikiana na Touretteshero, walijitangaza kuwa ukumbi wa kwanza duniani ambao wote kwa ujumla ni wa kujiachia, mtindo ule ukageuzwa ndo kawaida ya nyumba, na wafanyakazi wakafundishwa, na kazi inayoweza kufanywa hivyo inafanywa hivyo. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 16 Machi, kumbi za Uingereza zikafungwa kwa sababu ya korona. Bahati mbaya ya aina yake. Ila wazo halikufa, na lilipowekwa chini ya nyumba nzima swali la malalamiko nalo likapata mwenye kulijibu, anayeona shida anaambiwa kistaarabu hii ndo nyumba yetu ilivyo, tukusaidieje wewe.

Nisidanganye kwamba imekwisha hapo. Kuna sehemu ngumu na wanaotetea mtindo huu wakati mwingine wanaipita haraka mno. Mahitaji yanagongana. Kuna mtu mwenye usonji ambaye sauti ya ghafla si kero kwake, ni maumivu, mwili mzima unashtuka na siku nzima inaharibika. Mweke huyo viti vitatu kutoka kwa Jess na "biskuti" zake mia tano za kipindi cha kwanza. Mweke na mtu mwenye usikivu hafifu anayehitaji sauti ya jukwaani ije safi. Wote watatu wana haki ileile na hakuna hata mmoja anayefanya makusudi. Vitu vya kupunguza makali vipo, vifaa vya kuziba masikio, kuchagua kiti ukijua mapema, kutoka na kurudi, maandishi ya maneno yanayosemwa yakiwa kwenye skrini. Havimalizi. Kuna jioni mmoja wao atatoka mapema na atakuwa amekosa.

Tofauti ninayoiona na 2011 ni kwamba anayetoka kwenda kupumua kwenye chumba cha utulivu ameamua mwenyewe, mlango uko wazi, kiti chake kinamsubiri. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Lakini natamani wasanii waingie humo humo kwenye mgongano badala ya kuwaachia watu wa mapokezi. Ile hesabu ya Jess ya kupanda jukwaani ilifanya kazi kwa sababu alichukua tatizo la ukumbi akalifanya igizo. Sijaona bado shoo ya watu wawili, mmoja ana tiki za sauti, mwingine ana usonji na masikio yake hayastahimili sauti, wameandika pamoja, wamepanda pamoja, na kila usiku inabidi watafute mbele yetu namna ya kukaa jukwaa moja. Chopin na Jess wameshaonyesha kwamba mwenza wa jukwaani anaweza kuwa msaada na mhusika kwa wakati mmoja. Hiyo kazi inaandikika.